Waya Chini ya Mkeka

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi hapa Ifakara, na kazi yetu ni ya hesabu. Dripu ya mililita 1000 ikitakiwa iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita, basi ni matone 42 kwa dakika. Ukikosea, unamdhuru mgonjwa. Lakini nyumbani kwangu kulikuwa na hesabu nyingine ambayo sikuwahi kuifanya, na nusura ituingize msibani.

Ilikuwa Jumamosi, Jumuiya inakuja kusali kwetu jioni. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na sikupata usingizi. Binti wa marehemu dada yangu, ambaye ninamlea, alikuwa chumbani akipiga pasi sare za kwaya. Kwa haraka zangu nikachomeka birika la umeme la chai ya wageni kwenye ekstensheni ileile, nikaenda kuoga. Waya wake mrefu tulikuwa tumeuviringisha chini ya mkeka, kando ya kitanda alicholala kitinda mimba wangu ndani ya chandarua.

Kilichonitoa bafuni ni harufu ya mpira unaoungua. Nilikuta binti ameshachomoa plagi ukutani na kumtoa mtoto nje. Mkeka ulikuwa unafuka moshi, na upindo wa chandarua umeyeyuka.

Sikuuliza kitu. Nilifoka, "Unataka kutuunguza! Jumatatu unarudi Mlimba kwa bibi yako!" Wanajumuiya wa kwanza walikuwa wameshafika mlangoni, wakasikia yote. Binti alisema tu, "Nisamehe, Mama mkubwa."

Usiku ule kijana wangu wa kidato cha pili alinijia na daftari lake. "Mama, kabla dada hajaondoka, tusome kwanza vibandiko." Birika liliandikwa volti 230, wati 2000. Pasi, wati 1000. Ekstensheni, mwisho ampea 5.

Akanieleza kwamba volti ni msukumo wa umeme, na ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu. Ukigawa volti kwa ampea, unapata ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Nikamwambia, "Kumbe ni dripu!" Ukiinua chupa, msukumo unaongezeka, hiyo ndiyo volti. Matone yanayopita ndiyo ampea. Ukibana mpira, matone yanapungua. Huo ndio ukinzani.

Tukapiga hesabu pamoja. Birika: wati 2000 kugawa kwa volti 230 ni ampea 8.7. Ukinzani wake: 230 kugawa kwa 8.7 ni kama omu 26. Pasi: ampea 4.3, ukinzani kama omu 53. Birika lina ukinzani mdogo, ndiyo maana linavuta umeme mwingi zaidi. Jumla ni ampea 13, na waya ule uliruhusiwa 5 tu, yaani 230 mara 5, wati 1150. Birika peke yake lilikuwa limeshauzidi.

"Sasa sikiliza, Mama," akasema. "Waya nao una ukinzani wake mdogo, na joto lake hukua kwa ampea mara ampea. Tano mara tano ni 25. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni 169." Karibu mara 7! Na waya ulioviringishwa chini ya mkeka hauna pa kupozea joto hilo.

Nikauliza, mbona fyuzi haikukatika? Tukaifungua plagi. Fyuzi ilikuwa ya ampea 13. Kwa fyuzi hiyo, ampea 13 ni halali. Ililinda plagi, haikuulinda waya mwembamba.

Kijana hakuniuliza ni nani aliyechomeka birika. Hakukuwa na haja. Niliyetaka kumfukuza ndiye aliyemwokoa mwanangu.

Hapa bondeni kwetu tumezungukwa na umeme. Kidatu ilianza kuuzalisha mwaka 1975, na mitambo yake ni ya megawati 204. Kihansi ilifuata mwaka 2000, megawati 180. Megawati moja ni wati milioni moja. Lakini wati 3000 tu kwenye waya usiostahili zilitosha kuiteketeza nyumba yangu.

Nilimwomba binti msamaha asubuhi ile ile. Lakini nilikuwa nimemwaibisha mbele za watu, hivyo Jumamosi iliyofuata nilisimama katika Jumuiya nikaeleza yote, pamoja na hesabu. Akanishika mkono, "Yameisha, Mama mkubwa." Yupo nasi hadi leo.

Mama mwenzangu, soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Jumlisha wati za vyombo vyote, gawa kwa 230, ulinganishe na ampea za waya. Birika na pasi visikutane kwenye ekstensheni moja. Nyoosha waya wote, usiufunike kwa mkeka wala godoro. Ukiushika ukauona wa moto, zima na uchomoe. Na jambo likiharibika nyumbani, piga hesabu kwanza kabla ya kumtafuta mkosaji. Huenda jibu likawa wewe mwenyewe.