Duka Tusiloliona, Twaliamini kwa Lipi?

Katika nyumba zetu siku hizi vimekuwa vingi vitu vilivyonunuliwa kwa watu tusiowajua sura wala mtaa. Buibui la Idi, viatu vya skuli, vyombo vya jikoni, hata safari ya umra, vyote huagizwa kwa simu, na mara nyingi fedha hutangulia kabla ya mali. Sisi hatumo katika wale wanenao kuwa biashara hii yote ni wizi. Imewapa riziki watu wengi, na hasa wanawake wauzao wakiwa majumbani mwao, wasioweza kulipa kodi ya duka. Tunalotaka kulitazama leo ni hili: mtu aliye mbele ya duka asiloliona, huliamini kwa kitu gani?

Jambo hili lilichunguzwa mwaka 2002 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakiongozwa na B.J. Fogg. Watu 2,684 walitakiwa wazilinganishe tovuti mbili mbili, waseme ipi yaaminika zaidi na kwa sababu gani. Karibu nusu ya maelezo yao, yaani asilimia 46.1, yalihusu sura ya tovuti: rangi, herufi, picha na mpango wake. Nani mwenye tovuti hiyo, na ana sifa gani kwa watu, hayo yalitajwa kwa uchache zaidi. Na tangu hapo kujipamba kumezidi kuwa kwepesi. Picha za mali huchukuliwa katika ukurasa wa mfanyabiashara mwingine, zikabandikwa, na duka likawa tayari kabla ya adhuhuri.

Wengine hutegemea alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana kando ya anwani ya tovuti. Alama ile maana yake ni kwamba maneno yapitayo baina ya simu yako na tovuti hayasomwi na mtu wa njiani. Haikupata kusema lolote juu ya tabia ya mwenye tovuti. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 cheti chake chapatikana bila ya malipo, na wezi nao wanacho. Kwa kuwa watu wengi walidhani kuwa ni hati ya uaminifu, kampuni ya Google iliiondoa katika Chrome mwaka 2023, ikaweka alama nyingine. Sifa za wanunuzi nazo huuzwa na kununuliwa, hata Marekani ikalazimika mwaka 2024 kutoa kanuni ya kuzikataza zile za uongo.

Lakini pambo linalotuhuzunisha zaidi ni la dini. Muuzaji huweka picha ya Alkaaba, akaanza kwa bismillahi, akamwita kila mteja ndugu yangu katika imani, nasi tukalegea. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, alimwuliza mtu aliyemsifu mwenzake: je, ni jirani yake? Amepata kusafiri naye? Amepata kuingiliana naye katika mambo ya fedha? Yule mtu alipojibu kuwa hapana, Sayyidna Umar akamwambia kwamba basi hamjui, huenda amemwona msikitini tu. Ni maswali ya zamani, lakini hatujapata yaliyo bora kuliko hayo.

Nyumbani kwetu yalitokea mabishano juu ya cherehani. Binti yetu aliiona katika ukurasa mmoja uliopambwa sana, bei yake chini mno kuliko ya madukani. Hatukumkataza. Tulimtaka aulize mambo matatu: duka li mtaa gani ili tupeleke mtu, je, cherehani yaweza kupigwa picha pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo, na je, twaweza kulipa mzigo ufikapo mlangoni? Muuzaji hakujibu hata moja. Alisema kuwa wapo wateja watatu wanaingoja, na jioni bei itapanda. Tena jina lililotokea katika simu kabla ya kutuma fedha lilikuwa la mtu asiyehusiana na duka lile. Binti alinuna siku mbili, na cherehani hatukuinunua.

Huko China, kampuni ya Alibaba iliitatua shida hii mapema katika miaka ya 2000 kwa Alipay: fedha ya mnunuzi hushikwa na mtu wa kati mpaka mali ifike na mnunuzi akiri kuipokea. Sisi fedha zetu za simu huenda moja kwa moja mkononi mwa muuzaji, na kuzirudisha ni kazi. Ndiyo maana tunashikilia kulipa baada ya kupokea, ijapokuwa nauli huongezeka kidogo.

Na kuhukumu kwa sura huwadhulumu pia walio wakweli. Mtaani petu yuko mama auzaye vileja na visheti kwa simu. Picha zake zina giza, na maandishi yake yana makosa. Mnunuzi mmoja alimtumia shilingi elfu kumi zaidi ya bei bila ya kujua. Mama alizirudisha siku ile ile. Vijana wetu huupita ukurasa wake wakaenda kwa wenye picha zinazong'aa. Tulimwuliza kwa nini hawaombi wateja wake waandike jinsi alivyowatendea. Alisema huona haya kuomba kusifiwa.