Ufundi wa Kufufua Chombo cha Kale

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja husema ya kale ni dhahabu. Ya pili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mtu asiyepata kushika spana aweza kuzisikia zote mbili na kulala usingizi mwema. Lakini aliyejitwika kazi ya kufufua chombo cha kale nyumbani mwake hana pa kuzikimbilia, maana kila kipande anachokifungua humwuliza: nirudishwe kama nilivyokuwa, au nibadilishwe? Insha hii ni jawabu nililolipata kwa miezi 14 ya kutengeneza Vespa ya marehemu baba yangu katika ukumbi wa chini wa nyumba yetu, Mji Mkongwe wa Unguja.

Huko Marekani wapenzi wa ufundi huu hufufua magari yenye injini kubwa, kama Ford Mustang iliyotoka mwaka 1964, ambayo ngurumo yake hujaza barabara nzima. Mji wetu haukuumbwa kwa magari hayo. Vichochoro vyake vilipimwa kwa mwendo wa mtu, punda na hamali aliyebeba mzigo. Gari hufika ukingoni likakoma. Vespa ndiyo iliyopita, na kwa kupita ikawa mwenyeji. Jina lake ni la Kitaliano na maana yake ni nyigu. Kampuni ya Piaggio iliandikisha umbo lake tarehe 23 Aprili 1946, na aliyelibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Ndiyo sababu gurudumu la mbele hushikwa na mkono mmoja wa upande, kama gurudumu la ndege. Haina mnyororo, kwa kuwa injini imekaa ubavuni pa gurudumu la nyuma. Wala haina mifupa ya mabomba, kwa kuwa bati lake lenyewe ndilo mfupa. Mpandaji huketi kama aliye kitini, miguu pamoja mbele yake; hivyo mwenye kanzu huipanda bila kuikunja kanzu yake.

Vespa ya baba ni ya mwaka 1968, aina ya Super 150, yenye magurudumu ya inchi 8 na umeme wa volti 6. Tangu alipofariki ilikaa miaka 12 chini ya turubai, ikinyonya chumvi ya kaskazi na ya kusi. Nilipoifunua, nyumba iligawanyika. Mama hakutaka iguswe hata alama moja, na zaidi bonde dogo lililo katika ngao ya mbele, ambalo baba alilipata alipogonga baraza la jirani. "Mwanangu," aliniambia, "ukikifuta hicho, umemfuta na baba yako." Mdogo wangu, ambaye angeipanda kwenda kazini Mwanakwerekwe, alitaka silinda kubwa zaidi. "Kaka, barabara ya leo si ya zamani," alisema. "Magari yatanipita kama niliyesimama." Mke wangu aliwasikiliza wote wawili, kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulala nalo: "Hiki ni chombo au ni kaburi?"

Kazi yenyewe ndiyo iliyoanza kujibu. Chini ya mkeka wa mpira, sakafu ya Vespa ilionekana nzima; niliigusa kwa bisibisi, bisibisi ikatokea upande wa pili. Wapo wanaojaza tundu kama hilo kwa puti, wakasugua kwa msasa na kupaka rangi, na jicho likaridhika. Lakini bati likiwa ndilo mfupa, kupaka rangi juu ya kutu ni kumkalisha mtu juu ya uongo. Tulikata mpaka tukafikia chuma safi, tukachomelea bati jipya la unene uleule.

Kuta za mji huu zinafundisha somo hilohilo. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zikabebwa na boriti za mikoko. Chokaa ni laini, hupokea unyevu na kuuachia. Anayeziba ufa kwa saruji hupata uso mgumu unaopendeza. Lakini saruji huuzuia unyevu ndani pamoja na chumvi yake, na ukuta huliwa kwa siri nyuma ya uso uliotengenezwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli. Bali ufa ulizibwa kwa kitu gani? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu walipoteza maisha. Cha kale si picha ya kutazamwa tu. Watu huishi chini yake, hupita kando yake, hupanda juu yake. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: kinachobeba uhai wa mtu kisitengenezwe kwa ajili ya jicho.

Kwa sharti hilo niliyapima matakwa ya nyumba yangu. Taa ya volti 6 ilikuwa kumbukumbu ya baba, lakini ilimulika kama koroboi, na anayerudi usiku hawezi kujikinga kwa kumbukumbu. Niliweka umeme wa volti 12, na mahali pa vile vidoti vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche, nikaweka mtambo wa kielektroniki. Breki, waya zake na matairi vikawa vipya. Bonde la ngao nalo lilikuwa kumbukumbu, lakini chuma chake kilikuwa kizima na halikumdhuru mtu. Nililisafisha, nikalipaka rangi, nikaliacha bonde. Silinda kubwa niliikataa. Breki ya gurudumu la inchi 8 ilitengenezwa kwa mwendo wa injini ile. Anayeongeza nguvu ya kwenda bila kuongeza nguvu ya kusimama hakuendeleza chombo, amekiharibia mizani. Mdogo wangu alininunia mwezi mzima.

Sharti la pili ni kwamba kipya kisikate mfupa wa cha kale. Sikutoboa tundu jipya hata moja. Vipande vya asili nimevitia katika mkebe wa biskuti, kila kimoja na kijikaratasi chake; na kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, kila badiliko nimeliandika pamoja na tarehe yake, ili atakayekuja baada yangu aweze kulitangua. Mamlaka iliyoundwa mwaka 1985 kwa ajili ya Mji Mkongwe imebeba kazi mbili katika jina lake, kuhifadhi na kuendeleza. Zamani nilidhani maneno hayo yanagombana. Sasa naona kwamba kila moja humlinda mwenziwe.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mkebe ule ulikuwa darasa. Parafujo limetoka kwa Wareno, msumari kwa Waarabu, rangi kwa Waajemi, gari kwa Wahindi, spana na breki kwa Waingereza. Vipuri vingi nilivipata kutoka India, ambako kampuni ya Bajaj ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio katika miaka ya 1960. Na jina la kampuni hiyohiyo leo ni neno letu la kawaida, bajaji, chombo cha magurudumu matatu. Wageni wote hao walipokewa, lakini waliingia kwa kutii ngeli: tunasema parafujo hili, maparafujo haya, na hapana anayeona ajabu. Lugha iliyofunga mlango ingalikufa; lugha iliyokatwa ngeli zake isingalikuwa hii yetu. Iliyobaki ni ile iliyobadilisha vipande na kutunza mfupa.

Sasa kila asubuhi mdogo wangu hupima mililita 20 za mafuta ya injini kwa kila lita ya petroli, huchanganya, hupiga teke, na moshi hujaa uchochoroni hata majirani wakalalamika, nao wana haki. Kisha hushika njia ya Michenzani. Daftari limo katika kisanduku cha ubavu wa kushoto. Kurasa zake nyingi ni tupu, na yafaa ziwe hivyo, maana kaburi hukamilika siku moja, bali chombo hukamilishwa kila kinapotumika.