Redio Inapopima Rekodi: London, Paris na Pwani Yetu

Tangu mwaka 1957 redio ya BBC imekuwa na kipindi cha kuchambua santuri, Record Review, ambacho siku hizi husikika kwenye Radio 3. Sehemu yake mashuhuri huitwa Building a Library. Mchambuzi hupewa kazi moja ya muziki, tuseme simfoni ya Brahms au misa ya Bach, akakusanya rekodi zake, kisha akawasikilizisha watu kipande kilekile kutoka rekodi moja hadi nyingine. Hapa fidla zinakimbia mno. Pale mwimbaji amekata pumzi katikati ya neno. Kule mwangwi wa ukumbi unazimeza sauti nzito. Rekodi huenguliwa moja moja hadi ibaki ile anayoona msikilizaji aitafute kabla ya nyingine zote.

Paris wana njia kali zaidi. La tribune des critiques de disques, kipindi alichokianzisha Armand Panigel mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hukalisha wachambuzi kadhaa pamoja na kuwapigia rekodi bila kuwaambia anayepiga ni nani. Wanabishana, wanasifu, wanaponda, na majina hutajwa mwishoni. Nguli aliyeheshimiwa miaka mingi anaweza kuenguliwa mapema, na kijana asiyejulikana akashinda. Huo ni uadilifu wa aina yake: sikio halipewi nafasi ya kujipendekeza kwa mwenye jina.

Haja ya uadilifu huo ilionekana wazi mwaka 2007. Rekodi nyingi zilizouzwa kwa jina la mpiga piano Mwingereza Joyce Hatto, aliyefariki mwaka uliotangulia, zilikuwa zimesifiwa sana na wachambuzi. Msikilizaji mmoja alipoweka CD ya etyudi za Liszt kwenye kompyuta, programu ikaitambua kuwa ni ya László Simon. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa mume wa Hatto alikuwa amechukua rekodi za watu wengine na kuzitoa kwa jina la mkewe. Habari za mwanamke mgonjwa anayerekodi kwa ujasiri ziliwagusa wachambuzi, na baadhi yao walizisikia hata ndani ya muziki wenyewe.

Muziki wa aina hii mara nyingi hauna maneno ya kukaguliwa, kwa hiyo Ulaya swali la maadili humwendea mtu: nani alipiga, wapi, mbele ya nani. Kesi nzito kuliko zote ni ya Wilhelm Furtwängler, kondakta aliyebaki Ujerumani wakati wa utawala wa Wanazi. Simfoni ya Tisa ya Beethoven aliyoiongoza Berlin mwezi Machi 1942 ilirekodiwa na redio ya Ujerumani, na wengi huihesabu miongoni mwa rekodi zenye nguvu kuliko zote za kazi hiyo. Mwezi uliofuata aliiongoza tena kazi hiyohiyo katika mkesha wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Hitler. Baada ya vita alifikishwa mbele ya baraza la kuchunguza uhusiano wake na Wanazi, akasafishwa na kurudi jukwaani mwaka 1947. Mchambuzi wa redio anayeuchezea umma rekodi ile hawezi kuipima kasi na mizani ya sauti tu, kisha akanyamaza. Wanaofanya kazi hii vizuri husema mambo yote mawili: muziki huu ni mkubwa, na ukumbi ule ulikuwa wa watu gani. Swali lilirudi mwezi Machi 2022, kondakta Valery Gergiev alipoondolewa kwenye okestra ya Munich Philharmonic baada ya kukataa kuilaani vita ya Urusi dhidi ya Ukraine. Rekodi zake za zamani zingalipo, na kila mtayarishaji wa kipindi anapaswa kuamua atazitaja vipi.

Afrika Mashariki na jirani zake redio nayo imepima muziki kwa miaka mingi, ila mizani yake ni nyingine. Katika enzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi zilirekodi katika studio ya redio hiyo, na mashairi yalipitiwa kwanza na kamati. Kilichopimwa ni maneno. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Congo, alipotunga Mambo kwa Soksi kuwahimiza watu watumie kondomu wakati UKIMWI ukienea, redio ya taifa haikuupiga wimbo huo. Wimbo wa kuokoa maisha ulionekana kukosa adabu, na hapo mizani ilikosea vibaya. Kinshasa, mwanamuziki Franco alitiwa gerezani mwaka 1978 kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu. Baada ya redio binafsi kuingia Tanzania, kazi ya kukagua iliendelea kwa vyombo vya serikali kama BASATA, baraza la sanaa, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano: wimbo wa Chura wa Snura ulifungiwa mwaka 2016, Mwanza wa Rayvanny na Diamond Platnumz mwaka 2018.

Udhaifu wa ukaguzi huu ni kwamba unasoma wimbo kama karatasi. Katika taarabu maneno ni nusu ya habari. Ubeti wa fumbo unaweza kupita mbele ya kamati yoyote bila doa, kisha ukumbini mwimbaji akaukazia mstari mmoja, mama mmoja akainuka kwenda kutunza huku akimtazama mwenzake, na fumbo likageuka mpasho. Matusi au heshima, vyote viko katika namna ya kuimba. Anayetaka kuhukumu maadili ya wimbo wa aina hii hana budi kwanza kusikiliza jinsi ulivyoimbwa, na zaidi ya mara moja, kwa waimbaji tofauti. Kwa maneno mengine, anahitaji kazi ileile ya London na Paris.

Mali ya kufanyia kazi hiyo ipo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na nyimbo za kundi lake zimeendelea kuimbwa Zanzibar. Mmojawapo, Kijiti, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliokuwa naye ndio wakaadhibiwa. Ni wimbo unaoishitaki mahakama yenyewe. Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliurekodi kwa sauti yake ya kukwaruza ambayo hakuna mchambuzi angeshindwa kuitambua hata kwa kufichwa jina. Santuri za enzi ya Siti zilibeba takriban dakika tatu kila upande, hivyo hadithi ililazimika kubanwa. Kipindi cha redio kingeweza kuuliza ni beti zipi zinabaki katika kila rekodi, mahakama inalaumiwa kwa ukali kiasi gani, na nani anaimba kwa hasira, nani kwa majonzi.

Wimbo wa Malaika ungefaa vilevile. Fadhili William, Miriam Makeba, Boney M na Angélique Kidjo wote wameurekodi, na ubishi kuhusu mtunzi wake halisi haujaisha. Kuzilinganisha rekodi hizo hewani kungelazimu kusema nani amelipwa na nani hakulipwa.