Vitshumbi: Mtoto asitishwe na sindano ya muganga

Katika pesheri ya Vitshumbi, kusini mwa ziwa Edouard, mtoto hujifunza kuogopa sindano kabla hajaiona. Anaisikia nyumbani. Akikataa kuoga, akikataa kula bugali, akilia usiku, mama au dada yake anamwambia: "Endelea tu kulia, nitaita muganga akupige shindano." Mtoto ananyamaza, na kwa kuwa amenyamaza, maneno yale yale yanarudiwa kesho. Halafu siku anaposhikwa na homa kali, anabebwa mgongoni hadi kituo cha afya, na watu wanashangaa kwa nini anapiga kelele tangu mlangoni. Miaka miwili mitatu ameambiwa kwamba muganga ni adhabu. Leo anapelekwa kwenye adhabu, na hajui amekosa nini.

Kwa familia zilizokimbia vita, zilizolala chini ya shitingi au ndani ya madarasa ya shule, woga wa sindano unaweza kuonekana jambo dogo. Si dogo. Mtoto anayerusha miguu na mikono anachomwa mara mbili au tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Mama anaona aibu mbele ya wamama wengine waliokaa kwenye benchi, na tarehe inayofuata harudi. Na tarehe ni nyingi: chanjo za Kongo zinamwita mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 kwa surua na homa ya manjano. Anayeachia njiani anabaki na kinga nusu, na surua inakimbia haraka sana pale familia kumi zinapolala katika chumba kimoja.

Kuna pia kolera, ambayo watu wa kando ya ziwa wanaifahamu. Mtoto aliyeishiwa maji mwilini, mishipa yake imelala. Kuitafuta ili kuweka seromu ni mateso kwake, kwa mama na kwa muganga mwenyewe. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hadi wagonjwa 80 kati ya 100 wa kolera wanaweza kutibiwa kwa seromu ya kunywa peke yake, mradi waanze mapema. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kumwepusha mtoto na sindano ni kumfikisha angali anaweza kushika kikombe. Wengine humficha nyumbani siku nzima kwa sababu analilia sindano, na kesho yake inakuwa hakuna njia nyingine ila sindano.

Ubaya wa pili, baada ya vitisho, ni uongo. "Tunaenda kununua biskuti." Wavulana wengi wamefikishwa kwenye tohara kwa biskuti hiyo. Siku hiyo uongo unarahisisha kazi, hilo ni kweli. Lakini mtoto wa miaka minne ana kumbukumbu. Mara nyingine hataogopa sindano tu, ataogopa njia yote, ataogopa hata biskuti. Afadhali aambiwe ukweli asubuhi ile ile, kwa maneno machache: "Papa, tunaenda kwa muganga. Atakuchoma hapa kwenye mkono. Itauma kidogo, halafu itaisha. Mimi nitakuwa nimekushika." Asiambiwe wiki nzima kabla, maana mtoto mdogo atakaa na woga huo siku saba. Na asiambiwe "haitauma", kwa sababu itauma.

Mwaka 2015 OMS ilitoa mashauri kuhusu maumivu wakati wa chanjo, na jambo la kufurahisha ni kwamba mengi hayahitaji franga hata moja. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla. Mtoto mdogo apakatwe na mzazi, asilazwe chali mezani huku watu wazima wanne wamemkandamiza. Kulazwa kwa nguvu peke yake kunaogofya kuliko sindano. Mkubwa kidogo akae wima. Zikiwa chanjo mbili au tatu siku moja, ile inayouma zaidi ije mwisho. Muganga anayechoma chanjo kwenye msuli hana haja ya kuvuta pampu nyuma kutazama damu, maana kuvuta huko kunaongeza sekunde za maumivu. Na kwa wale walio chini ya miaka sita, macho na masikio yao yapewe kazi nyingine.

Hapo Vitshumbi ina mali ambayo hospitali nyingi kubwa hazina. Marabu wanatembea kati ya nyumba na kusimama juu ya mabati kama wazee wa kijiji. Mtoto aulizwe ni wangapi. Ahesabu mitumbwi. Apulize polepole, kama anayepoza samaki aliyetoka kwenye mafuta, na sindano iingie wakati anapopuliza. Kuna waganga wanaopulizia hewa ndani ya glavu na kuichora macho. Ni jambo zuri, ila pale ambapo glavu zinahesabiwa, wimbo wa mama unatosha.

Kuhusu mama kukaa karibu, Afrika haina sababu ya kuona haya. Katika hospitali za Uingereza, zamani wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao kwa muda mfupi tu. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane London bila mama yake, na waganga wengi walikasirika. Ilipofika 1959, ripoti iliyoombwa na serikali yao ilishauri wazazi waruhusiwe kuwa karibu na watoto wao. Huku kwetu mlinzi wa mgonjwa amekuwepo sikuzote, ingawa mara nyingi ni kwa sababu hakuna mwingine wa kupika na kuosha.

Kivu ya Kaskazini yenyewe ilijifunza hilo kwa uchungu wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Mtoto alichukuliwa na watu waliofunikwa mwili mzima, bila uso, na mama akabaki nje. Huko Beni shirika la ALIMA lilitumia chumba cha kuta zinazoonyesha ndani, ili familia imwone mgonjwa wake na kusema naye. Na watu waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea na kuwabeba watoto ambao wengine hawakuweza kuwagusa.

Tangu vita vilipofika kando ya ziwa mwaka 2024, watoto wengine wana woga wa aina nyingine. Mtoto aliyekimbia usiku kwa mtumbwi anaweza kushtuka kwa mlango unaofungwa kwa nguvu, kwa buti, kwa mtu mgeni anayemshika mkono ghafla. Huyo asianzwe na sindano. Muganga achuchumae, amuulize jina, amwonyeshe pamba kabla ya kumgusa nayo. Ni dakika mbili. Foleni ni ndefu, waganga ni wachache, na bado dakika hizo mbili hurudi, kwa sababu mtoto anayepigana anakula kumi. Na mara nyingi aliyemleta si mama: ni bibi, ni shangazi, ni dada wa miaka kumi aliyembeba mdogo wake. Dada huyo naye ni mtoto. Apewe kiti, aelezwe namna ya kumpakata mdogo wake, asiambiwe tu "mushike muzuri".

Jambo la mwisho ni karatasi. Familia iliyopoteza karte ya kipimo wakati wa kukimbia haiwezi kuonyesha chanjo ambazo mtoto amekwisha kupata, na hapo muganga mara nyingi huanza upya. Kurudia hakumdhuru, lakini ni sindano ambazo angeepuka. Karte iwekwe ndani ya sashe ya plastiki, ifungwe, ikae pamoja na kadi ya uchaguzi ya mzazi, mahali ambapo mkono unafika hata gizani.