Faili ya Mgonjwa Asiye na Jina

Mwanaanga mmoja alikuwa amekaa takriban miezi miwili katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu ya ardhi, kipimo cha mawimbi ya sauti kilipobainisha damu iliyoganda katika mshipa mkubwa wa shingo yake. Hakuwa na maumivu. Kipimo chenyewe kilikuwa cha utafiti tu. Madaktari waliokuwa Duniani, akiwemo Stephan Moll wa Chuo Kikuu cha North Carolina, waliombwa ushauri. Sindano za kuzuia damu kuganda zilikuwepo, lakini haba, ikabidi zitumiwe kwa kubana hadi chombo cha mizigo kilipoleta vidonge baada ya takriban siku 40. Mgonjwa alirejea salama. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2020 haikutaja jina lake wala tarehe ya safari.

Hayo yaliwezekana maadamu Dunia ilikuwa karibu. Katika safari ya Mirihi, neno moja huweza kuchukua hadi dakika 22 kufika, na jibu lake muda kama huo. Isitoshe, kila baada ya miezi 26 hivi Jua hukaa katikati ya sayari hizo mbili, mawasiliano yakatatizika kwa takriban majuma mawili.

Hapo ndipo wasanifu wa programu za kumbukumbu za afya wanapotokwa jasho. Katika hospitali za mjini, aghalabu tarakilishi ya daktari huomba habari kutoka tarakilishi kuu iliyoko kwingineko. Mtandao ukikatika, foleni hurefuka na wagonjwa hunung'unika, jambo ambalo si geni kwa wengi wetu. Chomboni, faili nzima sharti iwe humo humo: vipimo, dawa zilizosalia hadi kidonge cha mwisho, na mwongozo wa kumwelekeza asiye daktari. Dunia itapata nakala tu, tena iliyochelewa. Tuseme tabibu wa chomboni amepunguza dozi asubuhi, naye daktari wa Houston, akisoma nakala ya jana, ameandika iongezwe. Programu ikishika andiko lililofika mwisho na kulifuta lililotangulia, mgonjwa atadhurika. Afadhali iyahifadhi yote mawili, ionyeshe kila moja liliandikwa lini na mwandishi wake alikuwa amesoma nini, kisha uamuzi aachiwe aliye kando ya mgonjwa.

Lakini lililo zito zaidi si la ufundi. Mgonjwa yule aliweza kusitiriwa kwa kuwa waliopita kituoni ni zaidi ya watu 200. Chombo cha Mirihi huenda kikabeba wanne. Anayeisoma faili ndiye anayekula na mgonjwa sahani moja. Nahodha ana haja ya kujua nani hafai kutoka nje, na mgonjwa ana haki ya kusitiriwa usiku anaoukesha akilia. Akijua kwamba yatasomwa, hatayasema, na faili itabaki tupu. Basi kurasa nyingine hazina budi kufunguliwa na daktari wa Duniani pekee, japo jibu lake litachelewa.

Na tabibu mwenyewe akiugua? Mwaka 1961, huko Antaktika, daktari wa Kisovieti Leonid Rogozov alijipasua mwenyewe kuondoa kidole tumbo, huku wenzake wasio madaktari wakimshikia kioo na vyombo.