Kopo moja tu

Kwetu Mutshatsha mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Tangu utoto tuliona mama zetu wakipika uji wa mahindi, wakiutia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, kisha wakiuacha ulale. Kesho yake ulikuwa mtamu, hata watoto tulikunywa. Ukikaa siku zaidi unakuwa mkali, na hapo ni bazee peke yao waliougusa, kopo moja likizunguka watu wengi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu.

Baba yetu mdogo alishika kipimo hicho maisha yake yote. Hatukumwona amelewa hata siku moja. "Kopo moja tu, batoto, njo dawa ya tumbo," alikuwa akisema. Kumbe kopo lilibaki moja, lakini kilichomo kilibadilika: munkoyo ikawa lutuku, na siku ya sherehe ikawa kila jioni. Tulimzika kwa ugonjwa wa ini.

Tuhesabu kidogo. Sentilita 10 za pombe ya asilimia 40 zina alkoli kupita chupa ya bia ya sentilita 72 yenye asilimia 5. Na lutuku haina karatasi ya kuonyesha nguvu yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari. Ukipunguza, hatari inapungua; haiishi.

Basi, ndugu msomaji, desturi tusiitupe. Tuendelee kukaa pamoja na kukaribisha mgeni, ila ndani ya kopo turudishe munkoyo iliyolala usiku mmoja.