Kalamu Isiyo na Wino

Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mama yangu alijifunza kuandika jina lake hapa Zuzu, kwa kijiti, juu ya mchanga. Tangu hapo hakuweka tena dole gumba mahali pa saini.

Miaka mingi baadaye nilimpeleka katika ofisi moja mjini Dodoma. Karani alimpa kalamu isiyo na wino na kibao cheusi kilichounganishwa na kompyuta. Mama akaandika. Kibao kikabaki kitupu. Jina likatokea kwenye kioo, limepinda. Akarudia, likapinda tena.

"Bibi, weka dole gumba tu, yatosha," karani akasema kwa upole.

Mama alinyamaza. Nilijua anarudishwa wapi.

Vyombo hivi vimezoea binadamu ndiye ajirekebishe. Pilot, kompyuta ya mkononi iliyotoka Marekani mwaka 1996, ilimtaka mtu abadili baadhi ya herufi zake ndipo izisome.

Mama hakubadili herufi hata moja. Aliacha kutazama kioo, akakiinamia kibao kama mchanga ule, akaandika polepole.

"Imekubali," karani akasema.